Magitaa Matatu Uliyoyasikia Kama Moja

Landry,

Nimemwambia Floribert hapana.

Alipiga simu saluni jana mchana kutoka Johannesburg, kwa ajili ya bendi yake, nikiwa na kichwa cha mteja mkononi. Hakuniuliza habari za nyumbani. Aliuliza swali moja:

"Dada, ule mutoto anaweza kushika solo?"

"Hapana."

"Hapana namna gani? Si ni weye mwenyewe ulimufundisha?"

"Ndiyo maana ninajua."

Akasema basi hana kazi na wewe, kwa sababu mpiga solo wake amehamia Cape Town na pengo alilo nalo ni hilo tu. Kwenye accompagnement, gitaa la nyuma la kusindikiza, tayari iko mtu. Nikamwambia ampandishe huyo mtu kwenye solo, maana amekaa nyuma yake miaka yote na anazijua nyimbo kwa mifupa, halafu wewe akuweke pale anapotoka yeye. Tulibishana mpaka mteja akalalamika kwamba namvuta nywele. Mwisho Floribert alicheka, akakubali.

"Eish, dada, hujabadilika. Mama mwengine angesema mutoto wake anapita wote."

"Mama mwengine hapigi gitaa."

Kwa hiyo kesho unapopanda basi la Johannesburg, jua unakwenda kufanya nini. Utasimama nyuma, karibu na mpiga ngoma, ukizungusha mfuatano uleule wa noti wimbo mzima, na mtu mwingine atasimama mbele akipigiwa makofi. Nimeliandika hili juu kabisa ili ulisome ukiwa bado una miguu ya kubaki.

Sasa hivi uko Isipingo unaaga rafiki zako. Najua unawaambia nini, maana shati jipya ulilovaa ni la mpiga solo. Waambie tu. Kesho kutwa hawatakuwepo kukuona.

Utauliza kwa nini sikukwambia kwa mdomo. Ni kwa sababu ungenijibu, na mimi nikijibiwa nashinda. Kule Bukavu nilibishana na mapadri kwenye gazeti mpaka mhariri akaniomba nipumzike. Hapa Durban nimebishana na wachungaji, na maofisa wa dirisha la vibali, na wenye nyumba, na kila mwanamume aliyewahi kusimama kwenye mkutano wa wakimbizi akidhani sauti nene ni hoja. Ungeanza kusema, ningekukata maneno katikati, ungefunga mlango kwa kishindo, na usingejua gitaa lako lina ugonjwa gani. Karatasi haikukati maneno. Ibishie upendavyo.

Ugonjwa wenyewe ni huu. Vidole nilikufundisha mimi, lakini kusikia ulijifunza kwa kaseti. Hilo si kosa, sisi sote tulijifunza kwa sauti iliyotoka sandukuni, ya redio au ya santuri. Lakini muziki wetu hupigwa na magitaa matatu: moja la accompagnement linalozunguka chini bila kuchoka, moja la kati linalojibu, na solo inayoimba juu. Sisi tuliokulia kule tuliwaona wapigaji kwa macho, watu watatu, mikono sita. Wewe ulikua mbele ya kaseti iliyonakiliwa kutoka kwenye kaseti nyingine, kwenye redio yenye spika moja iliyopasuka, ukasikia magitaa matatu ukadhani ni moja. Ukakaa kwenye sakafu yetu pale Albert Park ukijaribu kupiga peke yako kazi ya watu watatu.

Na uliweza, ndiyo balaa lenyewe. Vidole vyako vilipata wepesi wa ajabu, kama vya mtu anayekimbizwa. Majirani walisema una kipaji. Mtu akikwambia mtoto ana kipaji, mara nyingi anataka mazoezi yaishe ili alale. Baba yako, tangu abaki Uvira kwa yule mke mwingine, naye amekuwa mwepesi wa kukusifu kwa simu. Sifa za mbali ni rahisi, mwenye kuzitoa hasikii kelele.

Mimi nilikusikia vizuri. Nilisikia mtu mmoja anayewaziba wenzake wawili midomo, tena kabla hawajafika.

Halafu kuna mkono wako wa kulia. Mlinzi wa jengo alipokataza amplifaya, ulipiga gitaa la umeme bila umeme, mwaka mzima na zaidi. Gitaa la umeme bila amplifaya ni ubao, na wewe ukaupiga ubao kwa nguvu ili usikie. Leo ukichomeka waya bado unapiga kwa nguvu ileile, na kila uzi ambao hukuunyamazisha kwa kiganja unanguruma nyuma ya noti kama jokofu bovu. Hukuwahi kujua kwamba unanguruma, kwa sababu ubao haukukwambia. Ongeza sauti ya amplifaya mpaka uogope, kisha gusa nyuzi kana kwamba kuna mtoto amelala ndani ya gitaa. Usipoweza kupiga polepole ukasikika safi, basi kasi yako ni blanketi tu la kufunikia uchafu.

Kile kitabu cha Kiingereza ulichonunua West Street, chenye michoro ya vidole na ahadi kwenye jalada, kiache nyumbani. Nimekisoma chote. Nimesoma vitabu vingi, vya Wafaransa wanaojidai kuijua Afrika na vya Waafrika wanaojidai kuijua Ufaransa, na sijawahi kukutana na kitabu kinachomsifu msomaji wake haraka namna ile. Kinakufundisha kubana nyuzi zote sita kwa pamoja kama mtu anayefunga gunia. Kazi yako wewe iko juu, kwenye nyuzi tatu nyembamba, kwa vidole viwili au vitatu, na nyuzi nyingine zinyamaze. Ukurasa wa kunyamaza kitabu kile hakina. Na yule kijana wa dukani aliyekuuzia kisanduku cha kukwaruza sauti alikuangalia uso, akajua wewe ni wa kununua.

Sasa nikueleze nilivyofundishwa mimi, uone kwamba wewe nimekubembeleza.

Kiongozi wa bendi yetu ya wasichana kule Bukavu alikuwa Dada Godelieve. Hakuwa mtu mzuri, na sitamfanya mzuri kwa sababu tu amekufa. Msichana akija mpya, alimpa mfuatano mmoja wa accompagnement, noti nane, kisha yeye mwenyewe alikwenda uani kuosha vyombo. Akirudi akakuta umeongeza mwendo hata kidogo, alikupiga vidole kwa upande wa kitana. Alirudi kwenye vyombo vyake, nawe ukaanza upya. Wasichana waliondoka wakilia, na yeye alisema machozi yanashusha nyuzi.

Nilikaa nyuma yake, noti zangu nane, mpaka nikaona nimeonewa vya kutosha. Nilikuwa na umri wako na nilikuwa na kitu ulichokosa wewe, ulimi. Niliitisha mkutano wa bendi. Nilieleza kwamba kuwaweka wengine nyuma ni wivu uliovishwa nguo ya nidhamu, kwamba bendi ya wanawake haiwezi kudai haki barabarani ikaikanyaga ndani. Nilisema vizuri sana. Wenzangu walipiga kura, nikapewa solo. Godelieve hakubisha. Alichukua gitaa la accompagnement, akaenda kukaa pale nilipokuwa nikikaa.

Usiku wa kwanza tulipiga kwenye hoteli ya Uvira. Nilipiga kama malaika. Niliwaona watu wakinyanyuka kwenye viti, nikaamini kwamba ni mimi niliyewanyanyua. Asubuhi, tukiwa tunakunywa chai, Godelieve aliniuliza:

"Jana ulipiga muzuri?"

"Muzuri sana, dada Godé. Uliona watu?"

"Niliwaona. Jana nilikubeba. Leo sikubebi."

Nilidhani ni maneno ya aliyeshindwa kura. Usiku wa pili, wimbo wa tatu, ulipofika ule wakati waimbaji wananyamaza, magitaa yanaachiwa na watu wanaanza kucheza kweli, nikaruka juu na solo yangu. Godelieve hakuacha kupiga, angeacha kila mtu angejua. Aliendelea kupiga, lakini akawa anatoa noti moja baada ya nyingine. Zile nane zikawa tano, zikawa tatu. Nilikuwa natembea kwenye daraja linalong'olewa mbao. Nikaongeza kasi, wote tunaongeza kasi tukiogopa. Mpiga ngoma akanifuata mimi, mpiga besi akamfuata Godelieve, na bendi ikapasuka katikati mbele ya hoteli nzima. Wachezaji walisimama. Mtu mmoja aliuliza kama umeme umekatika.

Nilimchukia kwa hilo, na bado namchukia kidogo. Lakini nilirudi nyuma mwenyewe, bila mkutano wala kura, kwa sababu nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu kwamba wimbo ulikuwa unasimama juu yake, na mimi nilikuwa bendera tu juu ya nyumba ya mtu.

Umeshaanza kuelewa, sivyo?

Ile harusi ya Isipingo. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye accompagnement. Juma, yule Mtanzania wa duka la simu, alikuwa kwenye ngoma. Ulikuja mbele na shati lako, ukaanza solo yako ya watu watatu, noti kama mvua ya mawe, na kwa dakika chache watu walicheza. Walicheza kwa sababu nilikuwa chini yako nikiwashika viuno. Ukageuka, ukanitazama, ukatabasamu kama mtu anayemhurumia mama yake aliyechoka. Nikatoa mkono kwenye nyuzi.

Sikufanya taratibu kama Godelieve. Mimi nina hasira zaidi. Niliacha kupiga kabisa.

Unakumbuka kilichofuata, maana mtaa mzima unakumbuka. Ulikimbia. Juma alipiga kelele nyuma yako, "Dogo, unakwenda wapi? Tusubiri!" Hukumsubiri. Mashangazi wa bibi harusi walirudi kwenye viti mmoja mmoja. Mama Béatrice akauliza kwa sauti iliyofika mpaka jikoni, "Kile kitoto kinapiga gitaa ao kinafukuza kuku?" Watu walicheka, na bwana harusi akacheka, na wewe ukainama kuangalia waya wa amplifaya yangu.

Ulidhani waya ndio umechomoka. Hata kesho yake ukaniletea waya mpya, ukanionyesha jinsi ule wa zamani ulivyolegea, na nikakuacha unionyeshe. Waya haukuwa na kitu. Nilikuangusha kwa mkono wangu mwenyewe, mbele ya watu, kwenye sherehe ya watu wengine, na ningefanya tena. Kilichonikera si kwamba ulianguka. Mimi pia nilianguka. Kilichonikera ni kwamba ulianguka na ukatafuta waya. Nilipoanguka Uvira nilijua pale pale ni nani ameondoka chini yangu. Wewe hukujua kwamba kulikuwa na mtu.

Ndiyo sababu nilimwambia Floribert hapana. Mtu ambaye gitaa la pili likinyamaza yeye anatafuta waya hawezi kupewa la kwanza.

Utasema Johannesburg watakufundisha. Hawatakufundisha. Hapa ukikosea unapata mama mkali. Kule ukikosea unapata tabasamu, na wiki inayofuata unakuta kijana mwingine amesimama kwenye nafasi yako, hakuna aliyekwambia chochote, na amplifaya yako iko nje mlangoni. Hawatakuwa wabaya. Wana kodi za kulipa, na wewe si mtoto wao. Nimewaona wengi waliotoka hapa Durban na magitaa migongoni. Mmoja sasa anaosha magari chini ya robot, taa za barabarani, na ukimuuliza atakwambia bendi ilimwonea wivu. Anajua kupiga haraka kuliko wewe.

Kwa hiyo kule nyuma usikae kama mfungwa anayesubiri kutoka. Utachoka haraka, najua. Utakapochoka, utaanza kutia kidude hapa, kidude pale, kuonyesha watu kwamba unajua. Kila kidude unachotia ni tundu kwenye sakafu. Sikiliza besi. Kama huisikii besi, basi wewe ndiye unayepiga kelele, punguza. Sikiliza mwimbaji anapovuta pumzi, kwa sababu akivuta pumzi ndipo anapojua kama upo. Na mpiga solo akiwa mzuri usimwonee wivu, akiwa mbaya usimcheke. Akiwa mbaya mbebe, uone jinsi mtu anavyobebwa bila kujua, uone uso wake akifurahi. Utajiona mwenyewe pale, na hutajipenda. Hilo ndilo somo, na mimi sikulipata kitabuni.

Vidole vitauma upya, kwa sababu accompagnement inauma mahali ambapo solo haiumi: kwenye kifundo cha mkono, na chini ya kidole gumba. Usibonyeze kama unayeua kunguni. Bonyeza mpaka noti itoke, basi, nguvu iliyobaki ni woga. Linganisha nyuzi zako na gitaa la mwenzako aliye hai, si na kumbukumbu ya kaseti. Ile redio yetu betri zikipungua kaseti ilizunguka polepole na noti zote zikashuka, na wewe ukashuka nazo. Nusu ya nyimbo unazozijua ziko mahali ambapo hakuna mwimbaji wa kuzikuta.

Kama unaona nimekuonea, namba ya Floribert unayo. Mpigie leo ukirudi. Mwambie mama yako ni mwongo, mwenye wivu, kwamba hakuwahi kupata jukwaa lake ndiyo maana anakunyima lako. Ni hoja nzuri. Ningekuwa wewe ningeitumia, na ningeshinda. Floribert ni laini, atakupa solo Jumamosi hii hii. Sitakuzuia na sitampigia tena. Ila jua kwamba huyo uliyemwondolea nafasi yake ya mbele atakuwa amekaa nyuma yako na gitaa la accompagnement mkononi, na hatakuwa mama yako.

Sitakuja kituoni kesho. Mama anayelia mlangoni pa basi anamfanya mtoto ajione shujaa, na wewe ugonjwa huo tayari unao.

Lakini Johannesburg nitakuja. Sitakwambia ni lini. Nitafika pale mnapopiga na sitaingia ndani. Nitasimama nje, upande wa ukuta, pamoja na wale wanaosubiri mlangoni. Mtu akitaka kujua bendi ilivyo asikilize kutoka nje. Solo haivuki ukuta, Landry. Zile noti nyembamba zote zinazompa mtu makofi hubaki ndani na moshi wa sigara. Kinachotoka ni ngoma, besi, na ule mzunguko wa chini. Nitawaangalia watu wa foleni miguu. Wakiwa wameanza kucheza kabla hawajafunguliwa mlango, bila kujua ni nani anayewachezesha, nitajua mwanangu yuko kazini, na nitaingia.

Wakiwa wamesimama tu, nitarudi Durban kwa basi la usiku huohuo, wala hutajua kwamba nilikuja.

Mama yako